Martin wa Lima na Makombo ya Meza

Katika Amerika ya Kusini iko nchi iitwayo Peru, na mji wake mkuu ni Lima. Katika mji huo alizaliwa Martin de Porres, mwaka 1579. Baba yake alikuwa Mhispania wa jamaa ya kiungwana. Mama yake, jina lake Ana, alikuwa mwanamke mweusi aliyetoka utumwani. Wahispania ndio waliotawala Peru siku zile, na mtu mweusi alidharauliwa sana. Basi Martin alikua katika umaskini.

Alipokuwa na miaka 12 alipelekwa kwa kinyozi ajifunze kazi. Vinyozi wa zamani hawakunyoa nywele tu. Walifunga vidonda, wakaumika watu damu na kuwapa dawa. Alipopata miaka 15 akaenda kwa watawa Wadominiko, akaomba kazi za chini. Sheria ilimkataza mtu wa damu ya Kiafrika kuwa mtawa kamili, lakini Martin hakuona haya kushika ufagio. Mwaka 1603 akakubaliwa kuweka nadhiri, akawa bruda. Akapewa kazi ya kuuguza wagonjwa.

Watawa wa nyumba ile walikuwa wengi, na kila walipokula palisalia chakula mezani. Na nje, mlangoni, walikaa watu wasio na kitu. Martin akayaona mambo hayo mawili pamoja. Basi kila adhuhuri aliingia katika chumba cha kulia na bakuli na chungu, akakusanya mabaki ya wenzake kabla hayajaharibika. Nyama yake mwenyewe hakuila, bali aliiweka pamoja na yale mengine, akatosheka na mkate na maji.

Kisha akaenda jikoni pa wagonjwa, ambapo maskini walikuwa wakimngoja. Akakibariki chakula, akagawa. Walikuja Wahispania waliofilisika, wenyeji wa nchi, na watu weusi. Wote wakapewa sawasawa. Hata mbwa na paka walipata fungu lao.

Lakini makombo hayakuwatosha wote. Kwa hiyo Martin alizunguka mjini akiomba sadaka kwa matajiri, naye aliyekuwa akidharauliwa akaaminiwa mali nyingi, kwa kuwa watu waliona kwamba hajiwekei kitu. Kwa msaada wao ikajengwa nyumba ya watoto yatima.

Martin alikufa tarehe 3 Novemba 1639, na watu wa Lima, wakubwa kwa wadogo, wakamlilia. Mwaka 1962 Papa Yohane wa 23 alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Martin hakuwa na shamba wala ghala. Alikuwa na chungu, na macho ya kuona kwamba kinachomzidi aliyeshiba ndicho kinachompungukia mwenye njaa.