Julius Sang na Kijiti Tulichokiangusha

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Lakini yaelekea sisi Wakenya humtunza mchezaji angali mbioni. Akishaiaga dunia, tukamzika pamoja na jina lake. Marehemu Julius Sang, mzaliwa wa Nandi aliyefariki mwaka 2004, ni mfano wa kutosha.

Asubuhi yoyote, ukishuka barabara ya Waiyaki kutoka Kangemi kupitia Westlands hadi katikati ya jiji la Nairobi, utawaona vijana wakikimbia kandokando ya magari. Waulize wakutajie mabingwa wetu wa Olimpiki. Watamtaja Kipchoge Keino, Eliud Kipchoge na David Rudisha bila kusita. Jina la Sang sijalisikia vinywani mwao, wala mwa wanafunzi wangu wa chuo kikuu.

Sang alikimbia mita 400, masafa ambayo wengi hudhani si ya Mkenya. Mwaka 1970, mjini Edinburgh, yeye na wenzake walitwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aidha, yeye na Robert Ouko walisomea Chuo Kikuu cha North Carolina Central nchini Marekani, chuo kilichoasisiwa kwa ajili ya watu weusi, chini ya kocha mashuhuri Leroy Walker.

Ndipo ikaja Olimpiki ya Munich, 1972. Tarehe 7 Septemba Sang alinyakua shaba kwa sekunde 44.92, nyuma ya Wamarekani Vince Matthews na Wayne Collett. Wawili hao walifukuzwa mashindanoni kwa jinsi walivyosimama jukwaani wimbo wa taifa lao ukipigwa, na Marekani ikakosa timu ya kupokezana vijiti.

Wapo wasemao dhahabu yetu ilitokana na bahati hiyo. Sikubaliani nao. Mkimbiaji hawachagui wapinzani wake, huwashinda waliopo. Tarehe 10 Septemba, Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Ouko walipokwisha kutimiza zamu zao, Ujerumani Magharibi ilikuwa ikiongoza mbele ya mashabiki wake. Sang alikipokea kijiti, akaizunguka njia kwa muda usiofika sekunde 44, akawapita wote. Kenya ilimaliza kwa dakika 2 na sekunde 59.8, Uingereza na Ufaransa zikafuata. Hakuna taifa la Afrika lililokuwa limewahi kushinda mbio hizo katika Olimpiki.

Hapo ndipo ulipo upana wa kipaji chake. Katika siku chache alishinda medali kwa miguu yake peke yake, kisha nyingine kwa kuaminiana na wenzake watatu. Kitenzi chetu "kupokezana" chabeba maana hiyo barabara: kiambishi "-an-" chamaanisha kutendeana, kwamba apokeaye leo ndiye atakayempokeza mwingine kesho.

Taji hilo Kenya haikulitetea mwaka 1976. Ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na mataifa mengi ya Afrika, kwa kupinga ziara ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tangu hapo hatujaipata tena dhahabu hiyo.

Nashauri basi walimu na waandishi wa vitabu vya shule waitie habari ya Sang katika masomo. Kijana wa Kangemi mwenye mbio fupi astahili kujua kwamba njia hiyo ilikwisha kupitwa na Mkenya.