Harriet Tubman, Aliyewatorosha Ndugu Zake

Maandiko yatuagiza kuitii mamlaka iliyo kuu, nasi twafundisha hivyo katika makanisa yetu. Lakini sheria ya nchi ikimwamuru mtu amwache mama yake au ndugu yake katika mateso, afanyeje? Swali hili lilimpata Harriet Tubman, mwanamke wa Marekani, aliyezaliwa mtumwa yapata mwaka 1822, akafa akiwa huru mwaka 1913.

Alizaliwa katika wilaya ya Dorchester, jimbo la Maryland, akaitwa Araminta. Baba yake aliitwa Ben Ross, fundi wa kukata miti, na mama yake Rit. Kwa sheria ya jimbo lile mtoto alifuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, watoto wote walikuwa mali ya bwana wa mama, hata kama baba yao ni huru. Dada zake watatu waliuzwa mbali, wala wazazi hawakuwaona tena. Kisha akaja mnunuzi kutoka Georgia, akamtaka mdogo wao aliyeitwa Moses. Rit akamficha mtoto yapata mwezi mzima. Na watu walipokuja mlangoni, akawaambia kwamba yeyote atakayetangulia kuingia atapasuliwa kichwa. Bwana akaacha shauri lake, mtoto akabaki. Harriet hakulisahau jambo hilo.

Alipokuwa msichana, msimamizi mmoja alirusha jiwe la mizani la ratili mbili amkomeshe mtumwa aliyekimbia, nalo likampiga Harriet kichwani. Tangu siku ile hata kufa kwake alishikwa na usingizi wa ghafula, hata katikati ya mazungumzo. Akaolewa na John Tubman, mtu huru, akatwaa jina la mama yake, Harriet. Mwaka 1849 bwana wake alikufa, ikasemwa kwamba watumwa watauzwa ili madeni yalipwe. Basi akatoroka peke yake, akienda usiku na kuifuata nyota ya kaskazini, hata akafika Philadelphia, mahali pasipokuwa na utumwa.

Alifurahi sana, lakini furaha yake haikukaa. Alikuwa huru katika mji asiokuwa na mtu wa kumkaribisha; kwao kulikuwa Maryland, pamoja na wazazi na ndugu zake. Akaazimu kufanya kazi ya jikoni na ya kufua, aweke fedha, kisha arudi kuwachukua.

Mwezi wa Septemba mwaka 1850 serikali ya Marekani ikatoa sheria kali juu ya watumwa watoro. Mtu aliyemsaidia mtoro aliweza kutozwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi sita. Mtoro hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, na mwamuzi alilipwa dola 10 akimrudisha, bali dola 5 tu akimwacha huru. Wako wachungaji waliohubiri kwamba sheria hiyo imepasa kutiiwa, wakitaja jinsi Paulo alivyomrudisha Onesimo kwa Filemoni. Wengine walijibu kwamba katika Kumbukumbu la Torati Mungu aliwakataza Israeli kumrudisha mtumwa aliyemkimbia bwana wake.

Harriet hakuwa na elimu ya kusoma vitabu hivyo, lakini alikuwa mtu wa sala. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule binti wa dada yake, Kessiah, alitolewa mnadani mbele ya nyumba ya hukumu. Mumewe, mtu huru, akataja bei ya juu. Na kabla ya kudaiwa fedha alikwisha mficha pamoja na watoto wawili, akawachukua kwa mashua mpaka Baltimore. Huko Harriet alikuwa akiwangoja. Hiyo ndiyo safari yake ya kwanza.

Safari ya Krismasi ya mwaka 1854 ndiyo inayogusa moyo kuliko zote. Kaka zake watatu, Ben, Robert na Henry, walikuwa wauzwe siku iliyofuata sikukuu. Mke wa Robert alikuwa na utungu wa kuzaa usiku ule. Robert akakaa hata mtoto akazaliwa, kisha akawafuata wenzake kwa uchungu mwingi. Wakajificha katika ghala karibu na nyumba ya wazazi, mvua ikinyesha. Baba yao akaitwa kwa siri, akawaletea chakula, lakini hakuwatazama. Wakati wa kuondoka alijifunga kitambaa machoni, akatembea nao kitambo wakimshika mikono, akasimama njiani hata asisikie tena nyayo zao. Alijua kwamba ataulizwa, naye alitaka aweze kujibu kwamba hakuwaona.

Mama hakuambiwa, maana wangaliogopa kilio chake. Alikuwa amewaandalia wanawe chakula cha sikukuu, akawangoja mchana kutwa. Nao walimchungulia katika ufa wa ukuta, ameketi karibu na moto, kichwa mkononi, wakaondoka wakilia bila kumwamkia.

Je, Ben Ross alisema kweli alipoulizwa? Kila msomaji apime mwenyewe. Tunaona kwamba sheria mbaya humsonga mtu mwema hata ulimi wake na watoto wake visiweze kuokoka pamoja.

Mwaka 1857 Ben alikuwa karibu kukamatwa kwa kuwahifadhi watoro. Harriet akarudi, akatengeneza kigari kwa magurudumu ya zamani na ubao, kwa kuwa wazee hawakuweza kwenda mbali kwa miguu, akawafikisha Kanada.

Lakini hakuwaokoa wote. Mwaka 1860 alimwendea dada yake Rachel, akamkuta amekwisha kufa. Watoto wawili wa Rachel walibaki utumwani kwa kukosa dola 30. Harriet hakurudi mikono mitupu: aliwachukua mume na mke wasio ndugu zake, pamoja na watoto wao. Katika safari zipatazo 13 aliwatoa watu wapatao 70. Na mwaka 1863, wakati wa vita, aliwaongoza askari mto Combahee, wakafunguliwa watumwa zaidi ya 700.

Mwaka 1864 sheria ya watoro ilifutwa, na Maryland ikaukomesha utumwa. Harriet alikaa Auburn, New York, akiwatunza wazazi wake na maskini wengine, hata akalala tarehe 10 Machi 1913.

Mtu asitwae habari hizi apate udhuru wa kumficha ndugu yake mwizi. Anayemficha mwizi humdhulumu aliyeibiwa. Harriet hakumnyang'anya mtu haki yake. Aliwarudishia watu nafsi zao, na hatari yote aliiweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Mwenye kujaribiwa namna hii na ajiulize mambo mawili: Ni nani atakayeumia kwa tendo langu? Na je, ningelitenda hata kwa mtoto wa jirani?