Onyo la Fleming Tusilipuuze

Nilipowaongoza wanafunzi wangu kuzuru Kariandusi, karibu na Gilgil, nilimwona mmoja wao akimgawia mwenzake aliyekuwa akiumwa vidonge alivyobakisha yeye alipopata nafuu. Mbele yetu zilikuwa shoka za mawe zilizochongwa na binadamu wa kale yapata miaka milioni moja iliyopita. Nikawaambia kwamba bakteria nao wana silaha, tena za kale kuliko hizo. Kisha nikawasimulia habari za Alexander Fleming.

Bwana huyo alizaliwa mwaka 1881 shambani huko Scotland. Ujanani alikuwa karani wa kampuni ya meli mjini London, hadi urithi ulipomwezesha kusomea udaktari katika hospitali ya St Mary's. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, huko Ufaransa, aliwashuhudia askari wakifa kwa majeraha yaliyooza. Mnamo Septemba 1928, aliporejea kutoka likizoni, alikuta ukungu umeota katika kisahani alimofugia bakteria, na waliokuwa karibu nao wameangamia. Ukungu huo ndio uliotupatia penisilini. Howard Florey na Ernst Chain waliiendeleza hadi ikawa dawa ya kutibu watu, na mwaka 1945 wote watatu wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Sifa hazikumlevya. Katika hotuba ya tuzo hiyo alionya kwamba dozi pungufu huwafunza vijidudu kuistahimili dawa. Alifariki mwaka 1955, na onyo lake limetimia. Wako bakteria wanaotengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini. Wengine huisukuma dawa nje ya seli, na wengine hubadilisha sehemu inayolengwa na dawa. Isitoshe, hupokezana mbinu hizo. Dozi isiyotosha huwaua wanyonge na kuwaachia uwanja wenye nguvu. Hapa kwetu, watafiti wa KEMRI wamebaini jijini Nairobi vijidudu vya homa ya matumbo vinavyostahimili dawa kadhaa kwa pamoja.

Walimu wenzangu, tusitosheke kukaririsha mwaka wa uvumbuzi. Tuwaase vijana wasinunue dawa hizi bila cheti cha daktari, wasigawane, wala wasizikatize kabla ya muda waliopangiwa. Siku ile mwanafunzi wangu alivirudisha vidonge mfukoni, na mwenzake tukampeleka zahanati akapimwe kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.