Louis Pasteur: Mkemia aliyewakinga kuku kabla ya antibiotiki

MFUGAJI anayewachanja kuku wake badala ya kungoja waugue ndipo awatafutie dawa, anafuata njia iliyofunguliwa na mkemia Mfaransa, Louis Pasteur, zaidi ya karne moja iliyopita.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822 mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa, baba yake akiwa mtengenezaji wa ngozi. Alisomea jijini Paris na mnamo 1849 akamwoa Marie Laurent. Walijaliwa watoto watano, lakini watatu walifariki wangali wadogo, wawili kati yao kutokana na homa ya matumbo. Mwaka wa 1868 yeye mwenyewe alipatwa na kiharusi. Hata hivyo, hakuacha utafiti.

Mnamo 1879 alikuwa akichunguza kipindupindu cha kuku, maradhi yanayoweza kuangamiza banda zima kwa siku chache. Bakteria wake aliwakuza katika supu ya kuku. Kuku waliodungwa bakteria wapya walikufa upesi. Waliodungwa wale waliokaa muda mrefu waliugua kidogo tu, kisha wakapona. Baadaye, walipodungwa bakteria wakali, walistahimili, ilhali wenzao ambao hawakuwa wamekingwa walikufa.

Wengi husimulia kwamba ugunduzi huo ulikuwa bahati tu, eti supu ilisahaulika wakati wa likizo. Lakini madaftari ya maabara yake yanaonyesha kwamba ilikuwa kazi ya miezi mingi, na msaidizi wake, Émile Roux, alikuwa na mchango mkubwa. Matokeo yalitangazwa mnamo 1880.

Chanjo hiyo haikuwa kamilifu, kwani nguvu zake hazikuwa sawa kila mara. Hata hivyo, kanuni yake ilisimama: kiini cha maradhi kikidhoofishwa, huufunza mwili kujilinda. Kwa kanuni hiyo Pasteur aliwakinga kondoo dhidi ya kimeta mnamo 1881, na mnamo 1885 akamtibu mvulana Joseph Meister aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Paris mwaka wa 1888. Alifariki Septemba 28, 1895, akiwa na umri wa miaka 72.

Penisilini iligunduliwa mnamo 1928, miaka 33 baada ya kifo chake. Baadaye antibiotiki ziliingizwa hata katika chakula cha kuku wasiougua, ili wakue haraka. Matumizi hayo yalichangia kuzuka kwa bakteria sugu, na kuanzia Januari 1, 2006 Muungano wa Ulaya ukapiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo.

Hivyo basi, wafugaji wamelazimika kurejelea kinga: chanjo, usafi wa banda na kuwatenga kuku wageni. Nao bakteria wa kipindupindu cha kuku, Pasteurella multocida, wangali wanabeba jina la mtu aliyeonyesha kwamba wanaweza kuzuiwa kabla hawajaua.