Hezekia, Mfalme Aliyewarudisha Waimbaji Hekaluni



Kamati ya Jubilii iliponiomba niandike maisha ya mfalme mmoja wa Biblia, wengi walidhani nitamwandika Daudi. Daudi tumemwimba vya kutosha. Nimemchagua Hezekia, kwanza kwa sababu alianza kutawala akiwa na miaka 25, umri ambao kwaya yetu inautimiza leo, na pili kwa sababu alikuta nyumba ya Mungu iko kimya.

Ukimya huo aliuleta baba yake mzazi, Mfalme Ahazi. Ahazi alizima taa za hekalu, akafunga milango, akajenga madhabahu za miungu mingine kila pembe ya Yerusalemu, na hata mtoto wake mwenyewe akampitisha motoni. Hezekia alikulia katika nyumba hiyo. Mama yake aliitwa Abiya binti Zekaria, na mimi nashuku ni mama huyu aliyempandia mbegu ya imani, maana kwa baba hakukuwa na cha kuiga.

Hakungoja azoee kiti. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza wa kutawala alifungua milango ya hekalu, akaitengeneza, akawaita makuhani na Walawi wajitakase na kuisafisha nyumba. Kazi ilichukua siku 16. Uchafu waliotoa humo ulibebwa hadi kijito cha Kidroni. Kisha akawasimamisha Walawi mahali pao wakiwa na matoazi, vinanda na vinubi, kwa utaratibu ule ule ulioachwa na Daudi, nao makuhani wakashika tarumbeta. Sadaka ilipoanza kuteketezwa, wimbo ukaanza, na haukukoma mpaka sadaka ilipokwisha. Siku hiyo makuhani walikuwa wachache mno, wengine hawakuwa wamejitakasa, basi Walawi wakawasaidia kuchuna wanyama. Kwa hiyo mgeni asishangae kumkuta mwanakwaya jikoni siku ya harambee. Jambo hilo lina historia ndefu.

Baadaye aliandaa Pasaka kubwa na kutuma matarishi toka Beersheba hadi Dani, hata kwa mabaki ya makabila ya kaskazini. Wengi waliwacheka matarishi hao. Wachache kutoka Asheri, Manase na Zabuloni walijinyenyekeza wakaja, na sikukuu ikanoga hata ikaongezwa siku saba nyingine. Mfalme pia alihakikisha watu wanaleta zaka ili makuhani na Walawi wasikose chakula wakiwa kazini. Aliivunja hata nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa, kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Hebu fikiria ujasiri wa kuvunja kitu kilichotengenezwa na Musa mwenyewe!

Siku za Hezekia hazikuwa za raha. Ashuru ilikuwa imekwisha kuumeza ufalme wa Israeli ulio kaskazini, na Samaria ilianguka mnamo mwaka 722 KK. Yuda ilibaki peke yake, nchi ndogo iliyotozwa kodi kubwa. Hezekia aliacha kuilipa. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, akapanda na jeshi lake na kuteka miji ya Yuda yenye maboma. Katika kumbukumbu zake alijisifu kuwa ameteka miji 46. Kuanguka kwa mji wa Lakishi alikuchonga kwenye mawe ya jumba lake la kifalme huko Ninawi, na mawe hayo leo yako London, katika jumba la makumbusho la Uingereza. Unawaona watu wa Yuda wakitolewa mjini na mizigo yao.

Hapo Hezekia aliyumba. Alituma ujumbe wa kuomba radhi, na akatozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Ili azipate, alibandua dhahabu kwenye milango ya hekalu, milango ile ile aliyoifungua kwa furaha. Kumbukumbu za Senakeribu nazo zinataja talanta 30 za dhahabu, halafu zinaongeza jambo ambalo Biblia haikuliandika: kwamba pamoja na mali, Hezekia alipeleka Ninawi waimbaji wake, wanaume kwa wanawake. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu. Mfalme aliyewarudisha waimbaji, mwaka huo waimbaji wake walihesabiwa pamoja na fedha na meno ya ndovu. Sijui tungemwimbia vipi tena baada ya hapo. Lakini mtu aliyezingirwa pande zote hulipa kwa alicho nacho, na mimi sijawahi kuzingirwa.

Senakeribu hakutosheka. Alimtuma amiri wake asimame karibu na ukuta wa Yerusalemu na kupaza sauti, akimtukana Hezekia na Mungu wake. Maofisa wa mfalme, wakiwamo Shebna mwandishi na Yoa mwana wa Asafu, walimsihi aseme kwa Kiaramu ili wananchi waliokaa ukutani wasielewe. Yule bwana akazidi kupiga kelele, tena kwa lugha ya Wayahudi. Watu wote walinyamaza, kwa kuwa mfalme alikuwa ameagiza wasimjibu. Kunyamaza kwa pamoja ni kazi ngumu. Muulizeni mwalimu wetu wa kwaya.

Hezekia alivaa gunia, akatuma watu kwa nabii Isaya, na barua ya vitisho ilipofika akaipeleka hekaluni na kuikunjua mbele za Bwana. Usiku ule malaika alipiga watu 185,000 katika kambi ya Waashuri. Senakeribu akarudi kwao, ambako baadaye aliuawa na wanawe mwenyewe. Katika majivuno yake yote anasema aliizingira Yerusalemu, lakini hakuna mahali anaposema aliingia.

Mji ulikuwa pia umeandaliwa. Hezekia aliyaelekeza maji ya chemchemi ya Gihoni yaingie ndani ya mji, na mfereji unaoitwa kwa jina lake, wenye urefu wa mita 533 hivi ndani ya mwamba, unapitisha maji hata leo. Mwaka 1880 yaligunduliwa humo maandishi ya Kiebrania yanayoeleza jinsi makundi mawili yalivyochimba kutoka pande mbili, hata kila kundi likasikia sauti ya wenzao ng'ambo ya jiwe, wakakutana.

Hezekia aliugua jipu karibu kufa. Isaya alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Aliugeukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya hajatoka hata uani, alirudishwa na habari ya miaka 15 ya nyongeza, na mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu. Alipopona Hezekia alitunga wimbo wa shukrani, nao umo katika Isaya sura ya 38.

Ndipo wajumbe wa Babeli walikuja kumpa pole, naye akawaonyesha hazina zake zote, asiwafiche kitu. Isaya alimwambia kwamba siku moja vyote vitabebwa kwenda Babeli, na baadhi ya uzao wake pia. Hezekia aliliona neno hilo kuwa jema, kwa kuwa katika siku zake mwenyewe kungekuwa na amani. Nampenda mfalme huyu, lakini hapa ananiumiza. Aliyelia sana alipougua hakulia kwa ajili ya wajukuu.

Alitawala miaka 29, akazikwa kwa heshima kubwa. Manase mwanawe alikuwa na miaka 12 tu, mtoto wa ile miaka ya nyongeza. Alijenga upya karibu kila kitu baba yake alichobomoa, na akaweka sanamu ndani ya hekalu lenyewe. Baada yake akaja Amoni, akafuata njia hiyo hiyo.

Kisha akaja kitukuu wa Hezekia, Yosia, aliyepewa ufalme akiwa na miaka minane. Naye alipofanya Pasaka yake kuu, waimbaji wana wa Asafu walisimama tena mahali pao, na ndugu zao Walawi waliwaandalia chakula ili wasilazimike kuondoka kazini.