Atiman wa Karema na swali la nani atembee

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kikundi kwenye somo la uendeshaji wa biashara. Maagizo yalikuwa mafupi: chagueni jengo lolote linalohudumia watu, choreni ramani yake, halafu pangeni upya vyumba na vifaa ili kazi iende haraka na gharama ipungue. Wenzangu walitaka supamaketi. Mimi nikang'ang'ania kituo cha afya. Tulibishana siku mbili, mwisho wakanikubalia, si kwa uzito wa hoja zangu bali kwa sababu laptopu ya kikundi ilikuwa yangu.

Nilikuwa na sababu ambayo sikuwaambia siku ile. Likizo iliyotangulia nilimsindikiza bibi yangu kwenye kituo kimoja cha afya huko kwetu Rukwa, sitakitaja jina. Mguu wake ulikuwa umevimba hadi kiatu hakiingii. Tulianza dirisha la kadi, tukaenda kwa daktari mwisho wa korido, tukarudi getini kulipia kipimo, tukazunguka nyuma ya jengo maabara, tukarudi kwa daktari na majibu, tukaenda tena kulipa, ndipo dirisha la dawa. Nilihesabu: bibi alipita mlango uleule wa mapokezi mara nne, na wahudumu wote walikuwa wapole tu. Hakuna aliyemkosea adabu. Jengo lenyewe ndilo lililomtembeza.

Sasa, ukifika Sumbawanga mjini ukauliza hospitali, mojawapo utakayoelekezwa inaitwa Dk. Atiman. Nimekua nikilisikia jina hilo kama unavyosikia jina la stendi. Sikuwahi kujiuliza Atiman ni nani, wala kwa nini jina lisilo la Kifipa liko kwenye hospitali ya Ufipa. Kazi ya kikundi ndiyo iliyonifanya niulize, na nilichokikuta kimenibadilishia somo zima.

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, nchi tunayoiita leo Mali. Alikuwa bado mtoto mdogo alipokamatwa na wateka watumwa. Akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini na kuuzwa kama mzigo mwingine wowote, hadi Algeria, ambako Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana pia kama Mapadri Weupe, walimnunua ili kumkomboa. Shirika lao lilikuwa bado changa. Lavigerie alikuwa amelianzisha Algiers mwaka 1868.

Hapa naomba wanafunzi wenzangu wa biashara tutulie kidogo. Ile njia ya Sahara haikuwa vurugu. Ilikuwa na visima vilivyopimwa kwa mwendo wa ngamia, vituo vya kupumzikia, masoko yaliyokaa pale misafara inapokutana. Huku kwetu ilikuwa hivyo hivyo: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, kila kituo na kazi yake. Ukiichora kwenye karatasi na kuipima kwa vigezo vyetu vya darasani, yaani umbali, muda, upotevu na gharama, utaona watu waliofikiri sana kuhusu mtiririko. Tatizo ni kwamba kilichokuwa kinatiririka ni binadamu. Kwa hiyo mpangilio unaweza kuwa na ufanisi mkubwa na bado ukawa uovu. Vitabu vyetu vinauliza kazi inakwenda haraka kiasi gani. Haviulizi sana inakwenda haraka kwa faida ya nani. Atiman alikuwa amelijibu swali hilo la pili kwa mwili wake kabla hajafikisha miaka kumi na tano.

Mwaka 1881 alipelekwa Malta. Lavigerie alikuwa na wazo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni: kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, kisha kuwapeleka katikati ya bara wakawe madaktari na makatekista. Alikuwa ameona kwamba wamisionari wa Ulaya wanakufa kwa homa, na kwamba mganga anayetoka bara hili anaweza kukaa kijijini, kuoa na kuzeeka huko. Atiman alisoma miaka saba. Mwaka 1888 alimaliza, akapanda meli kuja upande huu, na baada ya safari ndefu ya msafara kutoka pwani akafika Karema mwaka 1889. Alikuwa na miaka ipatayo ishirini na mitatu. Hakuondoka tena.

Karema iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, leo ni mkoa wa Katavi, ingawa kabla ya mgawanyo wa mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Rukwa yetu. Kwa mtu wa Sumbawanga, ambaye nyanda zake ziko juu kwenye baridi, Karema ni kushuka bondeni, kwenye joto la ziwa. Na Karema yenyewe ni somo la mpangilio.

Ilianzishwa na Mbelgiji Kapteni Cambier mwaka 1879, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold. Wakajenga boma karibu na maji. Kimantiki walikuwa sawa: mitumbwi ije, mizigo ishuke, askari waone ziwa. Lakini miaka ileile ziwa lilikuwa linabadilika. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibua mlango wake, maji yakaanza kutoka, na kina cha Ziwa Tanganyika kikashuka mwaka hadi mwaka. Ufukwe ukalikimbia boma. Mwaka 1885 Leopold, ambaye macho yake yalikuwa yamehamia Kongo, aliwaachia wamisionari kituo. Kwa hiyo Atiman alipofika alikuta jengo lililochorwa kwa ajili ya vita na bandari, linalotakiwa sasa kuwa makazi, kanisa, shule na mahali pa kutibia, na ziwa limesogea.

Ni wangapi kati yetu tutaajiriwa kwenye jengo tulilolichora wenyewe? Wengi tutakuta kuta za mtu mwingine, zilizojengwa kwa kusudi jingine. Ndiyo maana nampenda Atiman kuliko mifano ya viwanda vya Marekani tunayopewa. Hakupewa kiwanja kitupu.

Angalia na upande wa vifaa. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Maana yake ni kwamba kwa miaka ishirini na mitano ya mwanzo ya kazi yake, dawa na vyombo kutoka ng'ambo vilitegemea sana vichwa vya wapagazi. Hata baada ya reli, bado kulikuwa na ziwa la kuvuka; Liemba ilianza safari zake chini ya Waingereza mwaka 1927, wakati huo Atiman amekwisha kukaa Karema miaka thelathini na minane. Katika hali hiyo, mtu anayesubiri mzigo kutoka pwani anazika wagonjwa. Atiman alijifunza miti na mizizi ya pale, akasikiliza waganga wa pale, akaunganisha elimu yao na ile ya Malta. Sisi tungesema alisogeza stoo karibu na kazi. Wazee wangesema alikuwa na akili.

Jambo hilo halikuwa geni Ufipa. Mababu zetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo yanayozidi kimo cha mtu, ambayo mabaki yake bado yapo kwenye nyanda zetu. Waliyajenga porini, karibu na mawe ya chuma, karibu na miti ya mkaa, wakitumia udongo wa kichuguu. Matundu chini ya tanuru yalivuta hewa yenyewe, hakuna wa kuvukuta. Kilichotoka kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo lenye mivukuto, kisha mhunzi akakifanya jembe. Hawakubeba mawe na magogo kuyapeleka kijijini. Kizito kilibaki pale kilipo na kazi ikakifuata. Kilichosafiri ni kile chepesi chenye thamani. Hiyo ni sura nzima ya kitabu chetu, na iko juu ya kilima nyumbani.

Sasa mgonjwa. Darasani tunafundishwa namna kuu tatu za kupanga mahali pa kazi. Ya kwanza, vifaa vya aina moja vinakaa pamoja na anayehudumiwa anazunguka, kama hospitali nyingi. Ya pili, vifaa vinafuatana kwa hatua na kitu kinapita mstari mmoja, kama kiwanda cha soda. Ya tatu, kitu hakisogei, bali watu na vifaa ndivyo vinavyokifuata, kama ujenzi wa meli au daraja. Kila namna ina mahali pake. Lakini zote tatu zinajibu swali moja: nani atembee?

Atiman alitumia ya kwanza na ya tatu, bila shaka bila kuziita hivyo. Waliokuwa na miguu walimfuata Karema. Wasioweza, yeye aliwafuata vijijini, kwa mguu. Aliwahi pia kutibu majeruhi wa mapigano dhidi ya wateka watumwa waliokuwa bado wanasumbua ukingo wa ziwa. Hebu fikiria: mtoto aliyetembezwa jangwani kwa nguvu amekuwa mtu mzima anayetembea kwa hiari ili mwingine asitembee.

Alimuoa Agnes Wansabira, binti wa Kibende, na mtoto wao Joseph akawa padri. Aliwaona Wajerumani wakija na kuondoka, akawaona Waingereza. Kanisa na serikali walimpa nishani. Alifariki hapohapo Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama tisini, miaka mitano tu kabla ya Uhuru. Kazi ya miaka sitini na saba, kituo kimoja.

Sitaki kumfanya malaika. Mpangilio wake ulikuwa na udhaifu ambao mwalimu wetu angeuzungushia kalamu nyekundu: kila kitu kilipita kwa mtu mmoja. Daktari mmoja akiugua, foleni yote imesimama. Akiwa safarini, waliofika Karema wanasubiri. Wale vijana wengine wa Malta hawakutosha kuijaza nchi, na kwa miongo mingi eneo kubwa kama lile lilimtegemea mzee mmoja. Tukimsifu kwa uvumilivu wake tukasahau kwamba hakupaswa kuwa peke yake, tutakuwa tumejifunza nusu. Jengo zuri halizibi pengo la mtu, na mtu mwema hazibi pengo la mfumo.

Turudi kwenye laptopu yangu. Ramani yetu ya kwanza ilianza na ofisi ya mhasibu, kwa sababu tuliambiwa tupunguze gharama na fedha ilikuwa kichwani mwetu. Ilipendeza. Mistari ilinyooka, vyumba vilikaa kama vigae. Usiku mmoja nikachukua kalamu, nikachora juu yake njia ya bibi yangu, dirisha hadi dirisha. Karatasi ikawa kama uzi uliochezewa na paka.

Hapo ndipo nilipowaambia wenzangu habari za mguu. Hakuna aliyecheka. Tukafuta, tukaanza na benchi. Tulijiuliza: mtu asiyeweza kutembea akikaa hapa, ni vitu gani vinaweza kumjia? Malipo yakaletwa mahali pamoja na kadi, yalipwe mara moja mwishoni. Maabara ikahamia mlango wa pili kutoka kwa daktari; karatasi ya majibu ikabebwa na mhudumu, si na mgonjwa. Dirisha la dawa likawekwa njiani kuelekea mlango wa kutokea. Hatukuongeza hata tofali moja. Kwenye karatasi, njia ya bibi ilipita mapokezi mara moja, na cha ajabu, hata njia ya daktari ikawa fupi.

Mhasibu peke yake ndiye aliyepoteza. Ofisi yake ikaenda nyuma, karibu na mti. Tulijadili kama hiyo ni haki. Tukaamua kwamba mhasibu ana miguu mizima.

Alama zetu hazikuwa za kutisha. Mwalimu aliandika kwamba hesabu za gharama ni nyepesi, na ni kweli, tulizifanya usiku wa mwisho. Lakini ile karatasi ya uzi na paka nimeibandika ukutani kwenye chumba changu cha hosteli. Likizo ijayo nitakwenda nayo Sumbawanga, nimwonyeshe bibi. Nina hakika ataniuliza kwa nini nimechora barabara nyingi hivyo, na mimi nitamwambia hizo zote alizipita yeye, siku moja, na mguu umevimba.