Frederick Jones: Yatima aliyeipandisha friji juu ya lori

Ukipishana na lori la maua linalotoka Naivasha kwenda uwanja wa ndege Nairobi, tazama juu ya kichwa cha gari. Kuna boksi limefungwa mbele ya bodi, linanguruma hata lori likiwa limesimama. Hiyo ndiyo mashine ya baridi. Kukaa kwake pale juu si bahati, ni akili ya fundi mmoja Mmarekani mweusi ambaye shuleni hakufika mbali.

Frederick McKinley Jones alizaliwa mwaka 1893. Alibaki yatima akiwa mtoto, akalelewa na padri Mkatoliki. Akiwa na miaka 11 hivi aliondoka kutafuta maisha. Alianza kwa kufagia gereji, akaiba ufundi kwa macho, na hakufika miaka 20 kabla ya kuwa fundi kamili.

Mwaka 1912 alihamia Hallock, mji mdogo wa wakulima jimboni Minnesota, akawa anatengeneza mashine za shamba. Umeme alijifunza mwenyewe vitabuni. Vita ya Kwanza ya Dunia ikampeleka Ufaransa kama askari. Aliporudi aliunda mtambo wa redio ya mji, kisha kifaa cha sauti za filamu. Kifaa hicho ndicho kilichomfanya mfanyabiashara Joseph Numero amwajiri Minneapolis.

Enzi hizo, kusafirisha nyama kwa lori ilikuwa kamari. Watu walitegemea barafu. Safari ikichelewa, barafu inayeyuka na mzigo unaoza. Friji zilikuwepo, ila ziliundwa zikae sehemu moja. Barabarani mtikisiko unalegeza mabomba, gesi inavuja, baridi kwisha.

Mwaka 1938 Jones alikuja na mashine ya baridi ya lori yenye injini yake yenyewe. Lakini nayo ilikuwa na kasoro: ilikuwa na uzito wa karibu tani 1, na ilifungwa chini ya tela, ikawa inakula vumbi, matope na mawe.

Jones hakung'ang'ania. Aliipunguza uzito, akaiimarisha isisumbuliwe na mtikisiko, kisha akaipandisha mbele, juu, mbali na uchafu wa barabara. Hapo ndipo ilipo hadi leo.

Hata mwenye katela kadogo ka kupigia kambi anakutana na mtihani uleule anapochagua friji: iwe nyepesi, ifungwe imara, ipate hewa nyuma, na vumbi lisafishwe mara kwa mara. Akipuuza, vyakula vitaharibika kabla hajafika kambini.

Katika Vita ya Pili ya Dunia, mashine za Jones zilihifadhi chakula, damu na dawa za wanajeshi. Kampuni aliyoijenga na Numero ndiyo Thermo King ya leo. Mwaka 1944 akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha wahandisi wa majokofu Marekani, wakati sehemu kubwa ya nchi hiyo mweusi hakuruhusiwa kula meza moja na mzungu.

Alifariki Februari 1961 kwa saratani ya mapafu, akiwa na hataza zaidi ya 60. Nishani ya Taifa ya Teknolojia ilikuja mwaka 1991, yeye akiwa wa kwanza miongoni mwa Wamarekani weusi kuipata. Ilikuja akiwa kaburini miaka 30. Mashine yake haikuwa imesubiri nishani, ilikuwa barabarani muda wote huo.